Nyumba za Mfalme wa Uingereza: Ipi ya Taji, Ipi Yake Mwenyewe

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1936, Edward VIII aliondoka Uingereza kwa manowari kutoka bandari ya Portsmouth, akiwa ameacha ufalme baada ya kuutumikia kwa miezi isiyotimia kumi na moja. Mdogo wake, aliyechukua jina la George VI, alikuwa tayari ni mfalme, na pamoja na ufalme huo alikuwa ameipata Buckingham, Windsor na makasri mengine ya dola bila kuandikiana hati na mtu yeyote. Nyumba mbili tu hazikumfuata. Balmoral kule Scotland na Sandringham kule Norfolk zilikuwa mirathi ambayo Edward aliipata kwa baba yao, George V, na kuacha ufalme hakukumwondolea haki yake katika mirathi. Mfalme mpya alilazimika kukaa na kaka yake, kupitia kwa wanasheria, wakapatana bei, kisha akamlipa fedha taslimu ili nyumba alimokulia na nyumba alimokuwa akipumzika kila kiangazi ziendelee kuwa za mfalme.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu ndicho pekee katika historia ya karibu ya ufalme huo kilichoonyesha waziwazi mahali ulipo mpaka. Kwa kawaida mfalme wa Uingereza hashuki kitini mpaka afe, na anayemrithi cheo huwa ni mwanawe, ambaye pia ndiye mrithi wake wa damu. Hivyo vitu viwili vilivyo tofauti kabisa kisheria, yaani mali ya cheo na mali ya mtu, huhama siku moja, saa moja, kutoka mkono uleule kwenda mkono uleule. Mtazamaji wa nje huona msafara mmoja tu wa mali, na hapo ndipo inapozaliwa mikanganyiko yote: kuna wanaodai kwamba mfalme anamiliki kasri lenye vyumba 775 katikati ya London, na kuna wanaojibu kwamba hamiliki hata tofali. Wote wamekosea.

Neno la kulishika kwanza ni Taji. Katika sheria ya Uingereza, Taji si kofia ya dhahabu tu, ni cheo chenye nafsi yake, kisichokufa. Mtu hufa, lakini Taji hupita kwa mwingine papo hapo, na kila kilichoandikwa kwa jina la Taji hakihitaji mirathi, kwa sababu mwenye mali hajafa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalielewa jambo hili haraka akilitazama kwa jicho la wakfu: msimamizi wa wakfu anaweza kuishi katika nyumba, kuikarabati na kuamua nani aingie, lakini hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuwagawia wanawe. Mfano huo una upungufu wake, kwa kuwa makasri haya hayakuwekwa wakfu na mtu mmoja kwa hati moja, bali desturi na sheria za Bunge zimeyafikisha hapo kwa karne kadhaa. Mfano mwingine ulio karibu nasi ni Ikulu. Mwalimu Nyerere alipong'atuka mwaka 1985 alirudi Butiama, na hakuna Mtanzania aliyejiuliza kama angeondoka na Ikulu ya Magogoni. Tofauti ni kwamba rais hufungasha na kwenda kwake, ilhali mfalme hana siku ya kufungasha.

Makazi ya Taji yanayotumika hadi leo yanajulikana. Buckingham ni makao makuu na ofisi. Windsor, ngome ambayo msingi wake uliwekwa na William Mshindi kama mwaka 1070, imekaliwa na wafalme tangu enzi hizo. Holyroodhouse mjini Edinburgh hutumiwa mfalme anapokuwa Scotland kikazi, hasa katika wiki moja ya kiangazi. Hillsborough ni makazi yake Ireland ya Kaskazini. St James's, lililojengwa na Henry VIII katika miaka ya 1530, ndilo lenye heshima ya juu kuliko yote kwa itifaki, ingawa halina mvuto wa Buckingham machoni pa watalii. Mabalozi wanaopelekwa London bado huhesabiwa kuwa wametumwa kwenye baraza la St James's, na ilikuwa kwenye roshani ya kasri hilo, tarehe 10 Septemba 2022, ambapo Charles III alitangazwa mfalme. Yeye mwenyewe hata hivyo ameendelea kuishi Clarence House, jengo la jirani lililojengwa kati ya 1825 na 1827, huku Buckingham ikiwa kwenye matengenezo makubwa.

Ipo pia jamii ya makasri ambayo ni ya Taji lakini mfalme haishi humo: Mnara wa London, Hampton Court, kumbi za zamani za Kensington na mengineyo. Hampton Court halijakaliwa na mfalme tangu enzi za George II, katika karne ya 18. Haya husimamiwa na shirika la hisani liitwalo Historic Royal Palaces, ambalo tangu 1998 limekuwa likijiendesha kwa viingilio na misaada.

Buckingham yenyewe ina historia inayofaa kumtahadharisha yeyote anayedhani kwamba nyumba huzaliwa ikiwa ya dola au ya mtu na kubaki hivyo milele. Mwaka 1761 George III aliinunua kutoka kwa familia iliyokuwa ikiimiliki ili iwe nyumba ya kawaida ya mkewe, Malkia Charlotte, mbali kidogo na shughuli za baraza la St James's. Ilikuwa nyumba ya kulelea watoto. Mwaka 1775 Bunge liliipitishia sheria kuwa makazi ya Malkia. Baadaye mwana wao, George IV, akamwajiri msanifu John Nash kuipanua kwa gharama zilizolikasirisha Bunge, akafa kabla haijakamilika. Na ni Victoria, mwaka 1837, aliyekuwa mfalme wa kwanza kuhamia humo. Kwa miaka isiyofika themanini nyumba ya familia iligeuka kuwa sura ya dola nzima.

Swali la nani mwenye nyumba huwa la nadharia mpaka paa liungue. Tarehe 20 Novemba 1992, taa kali katika kanisa dogo la ndani ya Windsor ililipasha moto pazia lililokuwa karibu nayo, na pazia likawaka. Moto uliendelea kwa takriban saa kumi na tano. Wafanyakazi na askari walipanga mstari wakapokezana picha, mazulia, saa na samani kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye majani ya uwanjani, huku dari la ukumbi wa St George likiporomoka nyuma yao. Vyumba 115 viliharibika au kuteketea. Jengo halikuwa na bima, kwa kuwa mali ya Taji haikukatiwa bima ya kibiashara, na serikali ya John Major ilitangaza mapema kwamba hazina ya umma ingebeba gharama.

Kisheria tangazo lile lilikuwa sahihi: ngome ni ya Taji, na mwenye jukumu la kuitunza ni dola. Lakini uchumi ulikuwa umedorora, watu walikuwa wanapoteza nyumba zao kwa madeni ya benki, na wananchi waliuliza kwa nini walipe ukarabati wa mahali ambapo hawaruhusiwi kulala, ilhali mwenyewe anayelala humo halipi kodi ya mapato. Naona swali lao lilikuwa la haki, ingawa halikuendana na hati za umiliki. Ndani ya wiki moja ikatangazwa kwamba Malkia Elizabeth II angeanza kulipa kodi ya mapato, na mwaka uliofuata milango ya kumbi kuu za Buckingham ikafunguliwa kwa watalii wakati wa kiangazi ili viingilio vijenge upya Windsor. Kazi ilikamilika mwaka 1997 kwa takriban pauni milioni 36.5, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na viingilio. Kwa hiyo ngome moja ya Taji ilijengwa upya kwa kufungua mlango wa kasri jingine la Taji, na umma ambao haukutaka kulipa kwa kodi ulilipa kwa tiketi.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo penye fundo gumu. Mwaka 1760, George III alipoingia madarakani, alikubali kukabidhi kwa Bunge mapato ya mashamba na majengo ya Taji, naye akapewa posho ya kila mwaka. Kila mfalme aliyemfuata amerudia makubaliano hayo. Mali zile leo huendeshwa na taasisi inayoitwa Crown Estate, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1961: ina majengo ya mtaa wa Regent jijini London, mashamba, misitu na sakafu ya bahari mpaka maili 12 kutoka pwani ya England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Si mali binafsi ya mfalme, wala si mali ya serikali kwa maana ya wizara. Ni mali ya Taji ambayo faida yake yote huingia hazina.

Tangu mwaka 2012 hazina humpa mfalme ruzuku inayokadiriwa kwa asilimia fulani ya faida ambayo Crown Estate iliipata miaka miwili kabla. Ilianza kwa asilimia 15, na ruzuku ya mwaka wa kwanza ilikuwa pauni milioni 31. Ikapandishwa hadi asilimia 25 kuanzia 2017 ili kugharimia kazi ya miaka kumi ya kubadilisha nyaya, mabomba na boila za Buckingham, ambazo nyingi hazikuwa zimeguswa tangu miaka ya 1950. Bajeti ya kazi hiyo ni pauni milioni 369. Kisha kampuni za umeme wa upepo zikaanza kulipia maeneo ya kusimamisha mitambo baharini, faida ya Crown Estate ikaruka hadi kufikia pauni bilioni 1.1 katika mwaka wa 2023/24, na kiwango kikashushwa hadi asilimia 12. Pamoja na kushushwa, ruzuku ya 2025/26 ilifika pauni milioni 132.1, kwa kuwa asilimia ndogo ya kitu kikubwa bado ni kubwa.

Lazima nisisitize jambo moja ambalo watetezi na wapinzani wa ufalme hulipindisha kwa zamu. Asilimia hiyo ni kipimo tu, kama rula. Haimaanishi kwamba mfalme anakula mgawo wake wa shamba lake na kuwaachia wananchi kilichobaki kwa ukarimu, wala haimaanishi kwamba anachota kwenye akaunti ya Crown Estate. Fedha hutoka hazina kama ruzuku nyingine yoyote, na sheria inazuia isipungue kuliko ya mwaka uliotangulia. Ndizo zinazolipa mishahara ya watumishi, safari za kikazi na matunzo ya makasri yanayokaliwa. Hazipaswi kutengeneza paa la Balmoral.

Crown Estate inaleta utata wa aina nyingine pia, kwa sababu ni mwenye nyumba. Ngome ya Windsor ni kasri la Taji linalotunzwa kwa ruzuku, lakini ukitoka nje ya ngome ukaingia katika bustani kubwa inayoizunguka, uko kwenye ardhi ya Crown Estate, na nyumba zilizomo hupangishwa. Royal Lodge, nyumba ya vyumba vingi ambayo mama yake Elizabeth II aliitumia mpaka kifo chake mwaka 2002, ilipangishwa mwaka 2003 kwa Andrew, mwana wa pili wa Malkia, kwa mkataba wa miaka 75. Kwa hiyo mfalme mpya alipotaka ndugu yake ahame, hakuweza kumtoa kwa amri kama mtu anayemtoa mgeni sebuleni mwake. Palikuwa na mkataba wa pango, na Oktoba 2025 taarifa rasmi ya kuurejesha mkataba huo ndiyo iliyotolewa. Ikatangazwa kwamba angehamia makazi ya binafsi. Makazi hayo yalikuwa katika shamba la Sandringham, na sababu yake ni nyepesi kuiona: huko mfalme ndiye mwenye nyumba kwelikweli.

Kabla ya kufika Sandringham, zipo mali mbili zinazokaa katikati, wala si za Taji kwa maana ya kawaida wala si za mtu kwa maana ya kawaida. Duchy of Lancaster ni hodhi ya mashamba na majengo ambayo tangu 1399 imetengwa na mali nyingine za Taji, na mapato yake ni ya mfalme aliyeko kitini. Duchy of Cornwall ilianzishwa na Edward III mwaka 1337 kwa ajili ya mwanawe mkubwa, na tangu hapo mapato yake humwendea mwana mkubwa wa mfalme aliye mrithi wa kiti. Katika zote mbili mwenye cheo hula matunda lakini hauzi mti: rasilimali yenyewe hubaki kwa ajili ya watakaofuata. Matokeo yake yanaweza kushangaza. Highgrove, nyumba ya shamba huko Gloucestershire ambayo Charles aliipamba kwa bustani kwa zaidi ya miaka arobaini, ilinunuliwa mwaka 1980 na Duchy of Cornwall, si na yeye mwenyewe. Siku aliyokuwa mfalme, Duchy ilihamia kwa mwanawe William. Tangu siku hiyo baba amekuwa mpangaji katika hodhi ya mwanawe, kwenye bustani aliyoipanda kwa mikono yake.

Nyumba za mfalme binafsi, basi, ni chache. Uwezo wenyewe wa mfalme kumiliki ardhi kama mtu wa kawaida na kuiachia wosia uliwekwa wazi na sheria ya mwaka 1800. Balmoral ilipangwa na familia ya Victoria mwaka 1848, ikanunuliwa mwaka 1852 kwa jina la mumewe, Albert, aliyejenga ngome mpya iliyokamilika 1856. Leo ardhi yake ni kama ekari 50,000 za milima, misitu na mto wa samoni. Sandringham, yenye ekari zipatazo 20,000, ilinunuliwa mwaka 1862 kwa ajili ya mwana wao, aliyekuja kuwa Edward VII. Nyumba ya tatu ya Victoria, Osborne katika kisiwa cha Wight, inathibitisha ubinafsi huo kwa njia ya kinyume: Victoria alifia humo mwaka 1901, na Edward VII, ambaye hakuipenda, akaitoa kwa taifa mwaka uliofuata. Buckingham asingeweza kuitoa, kwa sababu haikuwa yake.

Kuna wakati ambapo nyumba binafsi na nyumba ya dola huvutana mbele ya watu wote, na nadhani hakuna wiki iliyoonyesha hilo kama ile iliyofuata kifo cha Diana, tarehe 31 Agosti 1997. Malkia alikuwa Balmoral, katika likizo, pamoja na wajukuu wawili waliofiwa na mama. Kama bibi, alikuwa mahali alipopaswa kuwa. Lakini mlingoti wa Buckingham ulikuwa mtupu, kwa sababu kwa desturi bendera pekee iliyopepea pale ilikuwa bendera ya kifalme, nayo hupandishwa pale tu mwenyewe anapokuwemo. Watu waliojaa langoni na mashada ya maua hawakutaka kusikia habari za itifaki. Waliona nyumba yao kubwa haiombolezi. Siku ya mazishi, tarehe 6 Septemba, bendera ya taifa ilipandishwa nusu mlingoti, na tangu mwaka huo ndiyo inayopepea Buckingham mfalme asipokuwepo. Ni kipande cha kitambaa tu, lakini kilibadilisha maana ya jengo: zamani kasri tupu halikuwa na la kusema, sasa lina bendera ya wananchi.

Lililobaki ni kodi ya mirathi, na hapa sioni namna ya kutetea utaratibu uliopo. Mwingereza wa kawaida anayeacha mali inayozidi pauni 325,000 huweza kukatwa asilimia 40 ya ziada hiyo. Chini ya makubaliano ya mwaka 1993, mali inayotoka kwa mfalme kwenda kwa mfalme anayemfuata haikatwi kitu, na hoja ni kwamba ufalme unahitaji rasilimali zake wenyewe ili usiwe ombaomba wa serikali. Wosia wa mfalme nao hauwekwi wazi kwa umma. Hivyo Elizabeth II alipofariki Balmoral tarehe 8 Septemba 2022, nyumba ile ilihesabiwa kuwa ya binafsi kiasi kwamba umma hauna haki ya kujua thamani wala masharti ya wosia, na wakati huohuo ikahesabiwa kuwa ya kiti kiasi kwamba haikutozwa kodi anayotozwa mtu binafsi. Kila upande wa mpaka una faida zake na wajibu wake. Kuchukua faida za pande zote mbili ni kuwanyima wananchi maelezo wanayostahili.

Historia ya nyumba hizi inafika mpaka Nyeri. Elizabeth alipoolewa mwaka 1947, koloni la Kenya lilimpa zawadi ya nyumba ya mapumziko, Sagana, chini ya mlima Kenya. Ilikuwa zawadi kwake na kwa mumewe, si kwa Taji. Humo ndimo alimokuwa tarehe 6 Februari 1952, baada ya kulala usiku mmoja kwenye hoteli ya juu ya mti ya Treetops, mumewe alipomweleza kwamba George VI amefariki usingizini Sandringham. Baba alifia katika nyumba yake binafsi, binti akapokea ufalme katika nyumba yake binafsi, maili maelfu kutoka kasri lolote la dola. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Sagana ilirudishwa kwa serikali yake. Leo ni ikulu ndogo. Rais hupokea wageni na kufanya mikutano humo, na anapomaliza muda wake humwachia anayefuata.